Doa Lipi Litatoka?

Ndugu msomaji, kabla hujasoma mbele, tafadhali chukua kioo, usimame mlangoni penye mwanga, ukafunue midomo yako. Tazama meno ya mbele, ya juu na ya chini. Halafu pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini, mahali ambapo mtu hatazami. Je, umeona rangi ya kahawia? Je, ulimi umegusa kitu chenye kukwaruza kama jiwe? Shika sana majibu yako, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi wa kwetu huyachanganya yakawa jambo moja.

Ukikaa Lac Vert, au Mugunga, au po pote kando ya barabara iendayo Sake, bila shaka umewaona watu wenye meno ya madoa. Wengine wana mistari myeupe kama chokaa, wengine wana rangi ya chai, na wengine ganda la jino limechimbika vishimo vidogo. Fikiri msichana mmoja wa namna hiyo. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono. Wenzake humwambia hapigi mswaki, naye anapiga kila siku. Basi huchukua majivu, au makaa yaliyosagwa, au mchanga mweusi wa lava ulio mlangoni pake, akasugua mpaka fizi zikatoka damu. Na doa liko pale pale.

Sasa fikiri baba mmoja, jirani yake. Meno yake ya mbele ni meupe, wala hakuna amchekaye. Lakini nyuma ya meno yake ya chini pamejengeka ukuta mdogo wa jiwe, na kila asubuhi hutema mate yenye damu. Haimwumi, kwa hiyo haendi kwa munganga.

Katika hao wawili, ni nani aliye karibu zaidi kupoteza meno? Ni yule baba.

Tuanze na doa la msichana, maana ndilo linalofanya watu waone haya. Mlima Nyiragongo hutoa moshi hata katika miaka usipotapika moto kama ulivyofanya mwaka 1977, na 2002, na 2021. Ndani ya moshi huo mna hewa za namna nyingi, na moja ina floraidi. Mara nyingi upepo husukuma moshi kwenda upande wa magharibi. Mvua ikinyesha kati yake huishusha floraidi juu ya mabati ya nyumba, nayo huingia ndani ya pipa. Maji yapitayo katika mawe ya volkano huichukua pia. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) limeweka kipimo, ya kuwa lita moja ya maji ya kunywa isipite miligramu 1.5 za floraidi. Watu waliopima maji upande wa magharibi wa milima yetu ya moto wamekuta mahali pengi yakipita kipimo hicho, ingawa chemchemi na chemchemi hutofautiana.

Floraidi kidogo ni rafiki wa meno, huyalinda yasitoboke. Lakini ikizidi wakati jino lingali linaumbwa ndani ya taya, ganda lake halikomai vema. Meno ya mbele ya ukubwani huumbwa mtoto akiwa bado mdogo sana, hata kabla ya kufika miaka minne, na mengine huendelea mpaka karibu miaka minane. Jino likiisha kuumbwa, maji hayawezi tena kulipa doa hilo. Kwa hiyo wale waliokimbilia kambi za Lac Vert, Bulengo na Mugunga, zilizokuwako mpaka mwanzo wa mwaka 2025, kama walifika wakiwa watu wazima na meno meupe, maji ya hapa hayakuwatia madoa hayo hata kama waliyanywa miaka mitatu. Lakini mtoto waliyemleta mgongoni, au aliyezaliwa hapa, habari yake ni nyingine.

Basi doa hili limo ndani ya jino, si juu yake. Ni kama rangi ya chungu kilichokwisha kuchomwa. Utakiosha mpaka jioni, nacho kitabaki na rangi yake. Anayesugua kwa mchanga au makaa hapunguzi doa, bali anakula ganda la jino lake mwenyewe, na ganda hilo halioti tena. Ndimu nayo huliyeyusha. Mama mwenye mtoto mchanga na aulize kama maji ya mahali pake yamepimwa, na kama kuna maji mawili, yale yenye floraidi kidogo awekewe mtoto. Kuchemsha maji ni kuzuri kwa ajili ya kipindupindu, wala usiache, lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Huko Tanzania, karibu na Arusha, wanayo taabu hii hii, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Sasa tumrudie yule baba, maana yeye hana muda.

Baada ya kula, vijidudu vilivyomo kinywani hujenga utando laini juu ya meno. Utando huo ndio ukoga. Ukipitisha ukucha penye jino asubuhi utauona, mweupe kama uji. Mswaki huuondoa bila shida. Lakini mahali ambapo mswaki haufiki, ukoga hukaa, na chumvi zilizomo katika mate huanza kuugandisha baada ya siku chache tu. Hapo umekuwa ugaga, nao ni mgumu kama chokaa iliyokauka ukutani. Hupenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu mate hutokea karibu na hapo. Kwanza una rangi ya manjano, kisha kahawia, na ule ulio chini ya ufizi waweza kuwa mweusi.

Hilo ndilo doa la pili. Mswaki hauwezi kuliondoa, wala dawa ya meno ya bei kubwa. Chuma cha munganga wa meno huliondoa, mara nyingi katika nusu saa au saa moja.

Pengine utauliza, “Jiwe likikaa jinoni lina ubaya gani, ikiwa haliniumi?” Jiwe lenyewe si sumu. Ubaya wake ni kwamba linakwaruza, nao ukoga mpya hushika juu yake kila siku, karibu sana na ufizi, mahali ambapo huwezi kupasafisha. Mwaka 1965 mtaalamu Harald Löe na wenzake, katika mji wa Aarhus huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Majuma matatu hayakupita, na wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa juma moja hivi. Basi damu ya ufizi, ikiwa mapema, ni ugonjwa unaorudi nyuma.

Lakini ukiacha miaka ipite, ugonjwa hushuka chini. Ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko. Ndani ya mfuko huo mfupa unaolishika jino huliwa polepole, na mfupa huo ukiisha kwenda haurudi wenyewe. Löe huyo huyo na wenzake waliwafuata wafanya kazi 480 wa mashamba ya chai katika Sri Lanka, tangu mwaka 1970 mpaka 1985. Watu hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, wala hapakuwa na munganga wa kuwasafisha. Katika kila watu 100, watu 11 hivi hawakuharibikiwa zaidi ya fizi kuwa nyekundu. 81 waliharibikiwa polepole. Na 8 waliharibikiwa haraka, hata walipofika miaka 45 hawakubaki na meno.

Tafadhali fikiri juu ya wale 11. Labda babu yako alikuwa mmoja wa namna hiyo, hakusafishwa hata mara moja, akatafuna mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni. Nami naamini. Lakini ukiwa na miaka 25 huwezi kujua kama wewe ni wa wale 11 au wa wale 8. Dalili uliyo nayo ni damu, na watu huidharau kwa kuwa haiumi. Wengi hufika hospitalini siku jino linapotikisika, ndipo munganga hana kazi nyingine ila kung'oa.

Basi inafaa kusafishwa mara ngapi? Hapa nitasema kweli, hata kama vitabu vingine husema kwa kifupi, kila miezi sita kwa watu wote. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio yaliyofanywa Uingereza kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkubwa wa fizi, tena wenye kwenda kwa munganga mara kwa mara. Waliosafishwa kila miezi sita au kila mwaka hawakupita sana wale wasiopangiwa siku, kwa muda wa miaka miwili au mitatu. Lakini watu hao hawakuwa kama sisi. Wengi wa kwetu hatujasafishwa hata mara moja tangu kuzaliwa, na jiwe letu ni la miaka 20. Katika nchi za Afrika zilizo chini ya OMS, waganga wa meno ni 3 hivi kwa watu 100,000, ilhali ulimwenguni kote ni kama 33. Kwa hiyo mara ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Baada ya hapo munganga atatazama fizi zako na kukupangia: pengine miezi mitatu kwa mtu mwenye mifuko, pengine mwaka mmoja au miwili kwa mwenye fizi nzuri. Mwenye kisukari asingoje, maana kisukari huongeza ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa wa fizi huifanya sukari iwe ngumu kutuliza. Mvuta tumbaku naye asijisifu kwa kuwa hatoki damu. Tumbaku huificha damu, huku mfupa unakwisha. Mama mwenye mimba, fizi zako zikivimba na kutoka damu, si mwiko kusafishwa. Mwambie munganga tu ya kuwa una mimba.

Watu huogopa mambo mawili. La kwanza husema, “Nilisafishwa, na meno yangu yakaachana, tena yakaanza kuuma kwa maji baridi.” Ni kweli, huwa hivyo. Nafasi ile ilikuwako zamani, bali ilijazwa jiwe. Na mzizi uliokuwa umefunikwa na jiwe sasa waonja baridi. Kwa kawaida maumivu hayo hupungua baada ya siku chache au majuma machache. Wengine huona jino likilegea kidogo, wakasema munganga amelilegeza. Sivyo. Mfupa ulikuwa umekwisha kwenda, na jiwe lilikuwa limeyafunga meno pamoja kama saruji mbovu.

La pili ni hofu ya magonjwa ya damu, nayo ni hofu yenye akili. Chuma kilichoingia katika ufizi wa mtu mwingine chaweza kuleta homa ya ini au UKIMWI kama hakikuchemshwa kwa mvuke wenye nguvu katika chombo chake. Kupangusa kwa pombe hakutoshi. Una haki kuuliza, kwa heshima, “Vyuma hivi vimetoka katika chombo cha mvuke?” Munganga mwema hatakasirika, atakuonyesha mfuko uliofungwa, na atavaa glavu mpya mbele yako. Akikasirika, rudi nyumbani na meno yako machafu, utafute mahali pengine. Wala usimpe kinywa chako mtu wa sokoni mwenye dawa ya kufanya meno meupe kwa mara moja. Dawa kali za namna hiyo zaweza kula ganda na kuunguza fizi.

Najua fedha ni chache, na safari ya kutoka Lac Vert kufika katikati ya Goma ina gharama yake. Kama huwezi kwenda mwezi huu, anza na mswaki laini, asubuhi na usiku, ukiulaza mahali ufizi unapokutana na jino, pamoja na upande wa nyuma ambao ulimi wako uligusa. Dawa ya meno yenye floraidi isikutie hofu kwa ajili ya yale tuliyosema juu ya maji. Mtu mzima huitema. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele tu, na mkubwa kidogo kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema. Damu ikiongezeka siku za kwanza, usiache mswaki. Ikiwa baada ya majuma mawili bado inatoka, basi kuna jiwe, na hapo fedha zitafutwe.

Yule msichana naye aende, kwa maana hata meno ya madoa hushika ugaga, na ganda lenye vishimo hushika ukoga upesi zaidi. Amwambie munganga, “Nionyeshe lipi ni la nje na lipi ni la ndani.” La nje litatoka siku hiyo hiyo. La ndani, kama linamhuzunisha sana, waganga wengine wanao utomvu mgumu wa rangi ya jino wa kulifunika, ingawa una gharama. Lakini angalau ataacha kujisugua kwa mchanga.

Na wewe baba, usiku ule wa kwanza ukisha kusafishwa, ulimi wako utakwenda nyuma ya meno ya chini kulitafuta lile jiwe. Utazunguka zunguka pale, kwenye meno laini, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ukuta umebomolewa.