Sakafu Ipi Haina Dhambi?

Ukianza kujenga, kila mtu anakuwa mtaalamu wa sakafu. Fundi ana lake, shemeji ana lake, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana matatu, yote ya kumaliza mzigo uliomo stoo. Siku hizi limeongezeka suala la mazingira, na madai yake bila shaka umeshayasikia. Tuyapime.

“Mbao ni kitu cha asili, kwa hiyo hazidhuru mazingira.”
Si kweli kama hujui zilikotoka. Mti unapokua hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi ndani ya shina, na sakafu ya mbao ikidumu miaka hamsini, hewa hiyo imefungiwa miaka hamsini. Hapo wapenzi wa mbao wana haki yao. Lakini mninga na mvule hukua polepole, na mwingi hukatwa kwenye misitu ya asili bila kibali wala nia ya kupanda mwingine. Msaji wa mashamba ya Longuza kule Muheza, au Mtibwa mkoani Morogoro, ni habari nyingine: ulipandwa ili uvunwe. Nako Kilwa, mwaka 2009, misitu inayosimamiwa na vijiji vyenyewe ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Kwa hiyo muulize muuzaji karatasi za mzigo wake. Akianza kukuuliza kama wewe ni mtu wa serikali, umeshapata jibu.

“Basi tumia mianzi.”
Nusu kweli. Mianzi hukomaa kwa miaka mitano hivi na ikikatwa huchipua yenyewe. Ila sakafu ya mianzi inayouzwa dukani ni vipande vilivyobanwa kwa gundi kiwandani, mara nyingi China, na baadhi ya gundi hizo huendelea kutoa gesi yenye madhara, formaldehidi, chumbani mwako.

“Saruji ni mchafuzi mkubwa.”
Kweli kabisa. Viwanda vya saruji hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu duniani. Wengi hudhani kosa ni la moto wa tanuri, unaofikia nyuzi 1,450 za Selsiasi. Moto una sehemu yake, lakini zaidi ya nusu ya hewa hiyo hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe, linapochomwa na kuachia gesi iliyokuwa imeshikwa humo. Hata tanuri likiwashwa kwa nguvu ya jua, gesi hiyo itatoka tu.

Usikimbilie vigae ukidhani umeikwepa. Kigae nacho huchomwa kwa nyuzi zipatazo 1,200, kisha hulazwa juu ya zege na kubandikwa kwa saruji ile ile. Kinachokitetea ni umri: kikilazwa vizuri, huishi kuliko fundi aliyekilaza. Kwa mjenzi wa Dar es Salaam, cha Mkuranga au Chalinze kina nafuu ya safari pia. Utetezi wote huanguka pale mwenye nyumba anapoichoka rangi na kuita nyundo.

“Chokaa ya wazee haikuwa na madhara.”
Nusu kweli. Zanzibar na Lamu, sakafu za ghorofa zilikaa juu ya boriti za mikoko: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, vikapondwa kwa vigongo huku watu wakiimba. Chokaa ikikauka hufyonza tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyoitoa, na huacha unyevu upite, jambo ambalo saruji hulizuia na kuziozesha nyumba za mawe. Hapo wazee walituzidi. Lakini tanuu lilikula kuni nyingi, na boriti zilikatwa mikokoni. Mji mdogo uliweza kulipa gharama hiyo. Dar es Salaam ya leo haiwezi.

“Kapeti la plastiki halikati mti.”
Ni kweli halikati, na hapo ndipo sifa zake zinapoishia. Ni PVC, yaani klorini pamoja na mafuta au makaa ya mawe. Baada ya misimu michache huchanika mlangoni, kisha huchomwa nyuma ya nyumba, na moshi wake una sumu ya dioksini.

“Sakafu ya udongo ni umaskini tu.”
Si kweli, ingawa wasemao hivyo wana hoja moja nzito. Udongo uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe haukupita tanurini, haukupanda lori, na nyuzi za samadi huushika usipasuke. Kwa mazingira, hakuna sakafu inayoushinda. Tatizo ni vumbi, maana humo ndimo funza na mayai ya minyoo yanamokaa. Huko Mexico, mpango wa Piso Firme ulizijengea familia maskini sakafu za saruji, na watafiti waliofuatilia watoto wadogo katika jimbo la Coahuila walikadiria kuwa kuondoa udongo nyumba nzima hupunguza maambukizi ya vimelea kwa asilimia 78. Anayewahubiria wanakijiji wavumilie vumbi kwa ajili ya tabianchi aanze kwa kubomoa vigae vyake. Rwanda, shirika la EarthEnable limepata njia ya katikati: hushindilia changarawe na udongo wa hapo hapo, kisha huziba juu kwa mafuta ya mbegu za kitani yanayokauka na kuwa ganda gumu linaloweza kupigwa deki. Ni udongo ule ule wa bibi, umevishwa koti.

“Ng'oa ya zamani, weka ya kijani.”
Si kweli. Gesi ya saruji uliyonayo ilishatoka siku ilipochomwa, na kubomoa hakuirudishi. Kunakuongezea kifusi na mzigo mpya wa kiwandani. Sakafu ikipata ufa, ziba ufa. Ikififia, nunua kopo la rangi nyekundu na nta, halafu tafuta tambara.