Sindano Isiyo na Tundu

Neno sindano katika Kiswahili limepewa kazi nyingi. Iko sindano ya kushonea nguo, nayo ina tundu la kutilia uzi. Iko shazia, sindano kubwa ya kushonea majamvi na magunia, nayo ina tundu vilevile. Sindano ya hospitali ina tundu lililopita katikati, mwanzo hata mwisho. Hata mpunga fulani wenye punje nyembamba huitwa sindano. Lakini sindano ya kufumia sweta na soksi haina tundu kamwe, nasi tumeulizwa na wanafunzi zaidi ya mara moja kwa nini basi iitwe sindano. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskochi, wafumaji huziita kwa neno lao lenye maana ya waya. Twaliona jina hilo kuwa na manufaa kuliko letu, kwa maana asiyeweza kununua sindano aweza kupata waya.

Jambo la tundu si dogo. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, huko London, zimo soksi nyekundu za sufu zilizotoka Oxyrhynchus katika nchi ya Misri, zenye umri wa miaka 1600 au zaidi, nazo zimegawanyika vidoleni ili zivaliwe pamoja na makubadhi. Mtu akizitazama hudhani zimefumwa kama soksi zetu. Sivyo, zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, na uzi wote ulivutwa ukapita katika kila kitanzi. Kufuma kwetu ni kwingine: sindano moja hushika safu ya vitanzi, na ya pili hutoa vitanzi vipya ndani ya vile vya kwanza. Hivyo ndivyo anavyofanya Bikira Maria katika picha ya madhabahu ya Buxtehude, Ujerumani, iliyochorwa yapata mwaka 1400, ambamo anafuma vazi kwa sindano nne. Sindano ya namna hii haivuti uzi, bali hulala ndani ya vitanzi, na kila kitanzi huchukua ukubwa wake katika unene wa sindano. Basi kitu chochote kilichonyoka, kilicho laini, chenye unene mmoja toka upande hata upande, chaweza kuwa sindano ya kufumia. Mwiba wa nungunungu, ambao wengi huufikiri kwanza, haufai, kwa kuwa ni mnene katikati na mwembamba pande zote mbili.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza kufuma kwa spoku za baiskeli, zile zile wachomaji wa mishikaki wanazotungia nyama. Kichwa kilichopinda hukatwa, na ule upande wenye hesi hukatwa pia, maana hesi hukwaruza uzi. Kisha ncha husuguliwa juu ya jiwe, isiwe kali kama ya sindano ya kushonea, bali iwe ya mviringo kama ncha ya punje ya mchele. Kali mno hupasua uzi na kuumiza kidole. Waya ukikwanguliwa huota kutu, na kutu haitoki katika sufu nyeupe.

Tena yapasa kupima. Asiye na kipimo cha fundi na alaze spoku kumi bega kwa bega juu ya rula. Zikijaza milimita 20, kila moja ina milimita 2. Sisi hatukupima. Tulikuwa na karatasi ya maelezo ya sweta ya mtoto, iliyotaka sindano za milimita 4, na vitanzi 22 katika kila sentimita 10. Tukaanza vitanzi 88 tukitazamia upana wa sentimita 40, lakini kwa spoku zetu vilikaa 28 pale palipotakiwa 22, na upana ukawa sentimita 31 hivi. Kazi ya majuma matatu, na kichwa cha mtoto hakikupita! Tuseme pia kwamba katika hesabu ya zamani ya Kiingereza namba hupanda kadiri sindano inavyopungua unene: namba 8 ni milimita 4, na namba 14 ni milimita 2. Wamarekani huhesabu kinyume. Hapo wengi hukosea.

Ikatubidi kufumua. Neno hili ni zuri: fuma na fumua, kama funga na fungua, na kitendo cha pili huenda upesi sana kuliko cha kwanza.

Sindano za milimita 4 tulizifanya kwa mwanzi mkavu. Mwanzi hupasuliwa, haukatwi kwa msumeno, maana mpasuko hufuata nyuzi zake na kijiti hakivunjiki baadaye. Huchongwa kwa kisu, kisha hukwanguliwa kwa kigae cha chupa. Tulitoboa tundu la milimita 4 katika kipande cha bati, tukakipitisha kijiti humo mara kwa mara, na pale kilipokwama tukakwangua tena. Mwisho ni msasa. Wanaonunua karatasi ya msasa dukani huenda hawajui kwamba msasa ni mti, na kwamba mafundi walisugulia mbao majani yake makavu yaliyo na makwaruzo kabla ya karatasi hiyo kuja. Wengine hupaka mafuta ya nazi. Sisi twaonelea nta ni afadhali, kwa sababu mafuta ya nazi hayakauki, nayo hutia uzi madoa. Upande wa nyuma tulichomeka vipande vya kizibo ili vitanzi visianguke.

Spoku hatukuzitupa. Nne kati yake, zilizochongwa ncha pande zote mbili, ndizo tunazofumia soksi.