Siku Mbili Kando ya Bwawa la Mtera

Mara nyingi tumemsikia mfanyakazi wa Iringa au wa Mbeya akisema kwamba likizo yake yote ameimalizia barazani kwake, kwa kuwa pwani ni mbali na nauli ni ghali. Twamwelewa. Lakini mwendo wa kilometa zipatazo 120 tu kutoka mjini Iringa, katika barabara iendayo Dodoma, yapo maji mapana ambayo ni mali ya umma, na wengi wetu twayapita tumesinzia garini. Sisi tulikwenda kukaa huko siku mbili, tukiwa na hema, mishipi na ndoana, na yafaa tuwaeleze wasomaji wetu tuliyoyaona.

Barabara yaacha baridi ya mjini, yapita Isimani penye mashamba ya mahindi, kisha yateremka mlima Nyang'oro kwa kona nyingi. Hapo msafiri huanza kuvua koti. Chini kuna nchi nyingine kabisa, nchi ya joto, ya miti ya miiba na mibuyu, na baada ya Migori maji yanaanza kung'aa upande wa kushoto. Bwawa likijaa, upana wake hufika kilometa za mraba zipatazo 600. Katikati ya maji imesimama miti iliyokufa, ile iliyokuwa bondeni kabla mto haujazuiwa, na juu ya matawi yake makavu hutua minandi, wakitandaza mabawa juani kama nguo zilizoanikwa. Furukombe tulimsikia kabla ya kumwona.

Samaki wa hapa ni perege na kambale hasa. Mwenye kutaka kuvua na akate leseni, na achukue ndoana za kutosha, kwa maana miti ile ya majini haina huruma. Asubuhi ya kwanza tulipoteza ndoana nne bila kupata hata dagaa. Mvuvi mmoja wa makamo aliyekuwa akitengeneza nyavu zake alitutazama kwa subira mpaka subira ikamwishia, akaja kutuonyesha mahali pasipo visiki. Huyo ndiye aliyetueleza kwamba adui wa wavuvi wa Mtera ni wenzao wenyewe, wale wanaokokota kokoro na kutumia nyavu za macho madogo, zinazokomba samaki wachanga ambao hawajazaa hata mara moja. Sheria ya uvuvi yakataza jambo hilo waziwazi. Mtu akinunua fungu la perege wenye urefu wa kidole kando ya barabara, basi naye ameshika ncha moja ya wavu huo. Twasema hivi tukijua kwamba sisi wenyewe tumewahi kununua.

Jioni tulisimamisha hema hatua chache kutoka majini, tukidhani ndipo mahali pazuri pa kulala. Mvuvi wetu alikuja tena, akauliza kwa adabu kama twajua kwamba tumejenga katikati ya njia. Tulitazama, na kweli, majani yalikuwa yamelala katika mistari miwili yenye nyayo pana: ni njia ya viboko wanaotoka usiku kwenda malishoni. Tulihama upesi, kwa aibu kidogo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda Mtera uulize wenyeji kwanza mahali pa kupiga kambi, usichote maji gizani kwani mamba wapo, na usisahau chandarua.

Usiku ule, wakati wa kuota moto, mazungumzo yetu yaligeukia maji yenyewe. Wageni wengi hudhani Mtera ni ziwa la asili. Si hivyo. Mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204 na ambayo sehemu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, ilikuwa na bwawa dogo lisiloweza kuhifadhi maji ya masika mpaka kiangazi. Ndipo ukajengwa ukuta wa Mtera juu yake, ili uwe ghala. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Leo, baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kujengwa kwenye mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu huingia, pipa moja la maji ya Mtera hufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Ni vibarua wachache wanaoweza kujisifu hivyo.

Na maji hayo yatoka wapi? Ruaha Mdogo huleta yake kutoka Iringa, na Kisigo hutoka upande wa kaskazini, lakini zaidi ya nusu huja na Ruaha Mkuu kutoka Usangu, mkoani Mbeya, nchi ya mpunga na ng'ombe. Hapo ndipo penye ugomvi. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2001 iliahidiwa kwamba ifikapo 2010 mto utapita mwaka mzima. 2010 ilifika, na mto uliendelea kukatika. Mwaka 2006, nchi ilipoingia gizani kwa mgawo wa umeme, wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na hifadhi.

Sisi hatuungi mkono kumtupia mkulima wa Mbarali lawama zote. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, wala si vijito vya Septemba. Na wapo wataalamu waliochunguza wakaona kwamba upungufu ule ulitokana pia na jinsi maji yalivyofunguliwa katika mabwawa yenyewe. Mfereji unaovuja shambani ni kosa, na lango lililofunguliwa pasipo hesabu ni kosa vilevile. La kwanza hutajwa kila mwaka wa ukame. La pili hutajwa kwa sauti ya chini, maana wenye kulifanya hukaa ofisini.

Bwawa likijaa, maji husimama meta 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mitambo haina budi kusimama. Tofauti ni meta 8.5 tu, kimo cha mnazi mchanga. Lakini pwani ya Mtera ni tambarare, na kila meta inayopungua huyarudisha maji nyuma mbali sana.

Alfajiri ya siku ya pili tulipata perege watatu na kambale mmoja, tukawabanika papo hapo. Mvuvi alipokuwa akila nasi alitunyoshea kidole kwenye miti iliyokufa. Kwenye vigogo vyake mlikuwa na mstari, juu mweupe na chini mweusi, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama mtumbwini. Alisema hapo ndipo maji yalipokuwa yamefika safari iliyopita, kisha akaingia mtumbwini mwake kwenda kuangalia nyavu.