Mwewe, Dereva na Bibi wa Newala

Paukwa! Pakawa!

Siku moja ubishi ulizuka chini ya jabali la Mtandi, pale Masasi. Mwewe, dereva wa Hiace na bibi mmoja wa Kimakonde walikuwa wakiulizana: kutoka hapa hadi Newala ni umbali gani?

"Kilomita 60 hazifiki," akasema mwewe. "Mimi sina kona."

Mwewe hakubahatisha. Masasi iko latitudo 10°43′ kusini na longitudo 38°48′ mashariki. Newala iko 10°57′ na 39°17′. Ukitoa, unabaki na dakika 14 kwenda kusini na dakika 29 kwenda mashariki. Hizi si dakika za saa. Ni vipande vya digrii, 60 katika kila digrii, na kipande kimoja ni karibu kilomita 1.85 ardhini. Basi kusini ni kilomita 26, na mashariki ni kama 53. Chora pembetatu mraba kwa pande hizo mbili. Kiegama chake ndiyo njia ya mwewe, karibu kilomita 59.

Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa hukata kilomita 5 kila dakika. Gawanya 59 kwa 5, upate dakika 12. Lakini rubani hatakuahidi dakika 12. Ndege hukimbia kwanza uwanjani, ikapaa taratibu, na mwisho hupunguza mwendo ili itue. Safari ikiwa fupi, kupaa na kushuka hula sehemu kubwa ya muda. Weka robo saa na ushee.

Dereva akacheka. "Njoo ushike usukani uone! Mimi navuka bonde la Mto Mwiti, kisha naupanda ukingo wa uwanda wa Makonde kona kwa kona, gia ya chini. Kilomita zangu ni nyingi kuliko zako, na mvua ikinyesha hata saa haina maana."

Bibi alikuwa kimya muda wote. "Nyie mnahesabu safari," akasema. "Sisi wa juu tulihesabu maji."

Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, hunywa mvua yote. Maji hujitokeza chini, kwenye miguu ya mteremko. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, bonde la Ruvuma laonekana karibu sana. Lakini shuka na mtungi mtupu, halafu upande nao umejaa kichwani, ndipo utajua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala akichunguza maisha ya watu, naye aliyaona mahangaiko hayo ya maji. Kwa nini basi wakae juu? Kwa sababu vichaka vizito vya huko viliwaficha wasionekane na wavamizi. Ni miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji juu kwa pampu kutoka bonde la Kitangari.

Kwa hiyo, mtu akikuuliza umbali, muulize kwanza: anaruka, anapanda gari, au anatembea na mzigo?

Sasa zamu yenu. Mtwara iko 10°16′ kusini na 40°11′ mashariki. Je, mwewe wa Newala ataruka kilomita ngapi kufika huko? Jibu lako likizidi 120 kidogo, umepata. Likipungua 100, rudi kwenye pembetatu.