Mkono Unaouma Baada ya Chanjo

Je, umewahi kuchomwa sindano ya chanjo ukarudi nyumbani mkono ukiuma? Bila shaka umewahi. Wengi wetu tumewahi. Kwa kawaida maumivu hayo huisha yenyewe baada ya siku mbili au tatu. Lakini mara chache hayaishi. Wiki zinapita na mkono unakataa kuinuka. Hapo ndipo maneno mengi huanza kijijini.

Katika darasa letu la kisomo yuko mama mmoja anayeandika kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa mjamzito alikwenda kliniki, akachanjwa chanjo ya pepopunda katika mkono huo wa kushoto. Usiku ule ule bega likaanza kumuuma. Baada ya wiki mbili nilimwita ubaoni aandike. Alisimama, akashika chaki, akashindwa kuinua mkono kupita kifua.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Hata kumsuka mwanangu siwezi. Ndoo ya maji ananibebea wifi."

Jirani alikuwa amemwambia kwamba dawa ya sindano imeingia mfupani. Alimwambia pia kwamba akichomwa sindano ya pili, mkono utakufa kabisa. Basi mama yule alikuwa ameamua kutorudi kliniki.

Uamuzi huo ulikuwa wa hatari kuliko bega lenyewe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mtoto mchanga huambukizwa kwa njia ya kitovu, kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa vitu vichafu. Mtoto huyo huacha kunyonya. Mwili wake hukakamaa, na mara nyingi hufa. Mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Lakini kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, sindano moja haitoshi. Ya pili hutolewa baada ya wiki 4 au zaidi. Ya tatu hutolewa miezi 6 au zaidi baada ya ile ya pili. Ya nne na ya tano hufuata, kila moja baada ya mwaka mmoja au zaidi, au katika mimba nyingine.

Kwa nini mkono huuma? Chanjo ni kama kuwapigia mbiu askari wa mwili. Wanakimbilia mahali palipochomwa, na mahali hapo panavimba kidogo na kuuma. Hiyo ni kazi ya mwili, wala si ugonjwa. Chanjo ya pepopunda haina vijidudu vilivyo hai. Ina sumu ya vijidudu hivyo ambayo imekwisha kuondolewa makali.

Maumivu ya wiki nyingi ni habari nyingine. Papasa bega lako sasa hivi. Juu kabisa utagusa ncha ya mfupa. Weka vidole viwili au vitatu chini ya mfupa huo. Hapo penye nyama nene, juu kidogo ya usawa wa kwapa, ndipo mahali pa sindano. Sindano ikichomwa juu mno, karibu na mfupa, inaweza kukosa nyama na kuingia ndani ya bega. Huko kuna kifuko chembamba chenye ute. Kazi yake ni kama ya mafuta katika ekseli ya baiskeli, yaani kuzuia mfupa na kano zisisuguane. Dawa ikimwagika humo, kifuko huvimba. Maumivu huanza mapema, kwa kawaida kabla ya siku mbili kupita, na mkono hushindwa kuinuka. Jambo hili hutokea mara chache sana. Kosa si la dawa, ni la mahali palipochomwa.

Nilikwenda na yule mama zahanati, pamoja na wifi yake. Muuguzi alimwambia, "Mama, nionyeshe ulipochomwa." Akaonyesha juu kabisa ya bega. Muuguzi akatikisa kichwa. "Pole sana, mama. Hapo palikuwa juu mno. Mkono wako haufi, ila usiufunge kwa kanga ukaulaza tu."

Neno hilo ulishike sana. Bega likikaa bila kazi hukauka kama ngozi iliyoanikwa juani. Baadaye kulilainisha ni kazi kubwa. Pumzisha mkono usibebe mizigo mizito, wala usitwange, lakini uendelee kuusogeza kila siku.

Siku za kwanza weka kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, na kurudia baada ya saa 6 ikiwa bado anaumwa. Asizidishe vidonge 8 kwa siku moja. Mwenye ugonjwa wa ini amwulize mganga kwanza. Dawa nyingine za maumivu zinazouzwa madukani, kama ibuprofeni na diklofenaki, mjamzito asimeze bila kuambiwa na mganga. Mwenye vidonda vya tumbo pia ajihadhari nazo. Usikande kwa nguvu mahali palipochomwa. Wala usikubali kuchanjwa chale begani kwa wembe, maana utaongeza kidonda juu ya maumivu.

Muuguzi alimfundisha mazoezi mawili. La kwanza, simama, inama kidogo, shika meza au kigoda kwa mkono mzima. Acha mkono mgonjwa uning'inie kama kamba ya kisima. Uyumbishe polepole mbele na nyuma, kisha uuzungushe duara dogo. La pili, simama mbele ya ukuta. Tembeza vidole vya mkono mgonjwa kwenda juu, polepole kama kinyonga. Ukifika mahali maumivu yanapoanza kushika, tulia kidogo, kisha shuka. Weka alama ya mkaa pale ulipofika. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, dakika chache tu. Ukisikia mkono unavutwa, si neno. Ukisikia maumivu makali, acha.

Rudi zahanati ikiwa maumivu yamepita wiki moja na mkono hauinuki. Huenda ukapelekwa hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huko wanaweza pia kuchoma bega dawa ya kupunguza uvimbe. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Usingoje hata kidogo ikiwa mahali pa sindano pana joto, panazidi kuvimba au panatoa usaha, au una homa kali. Vivyo hivyo ikiwa vidole vina ganzi, au kiganja kimelegea. Na mkono ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, hilo si jambo la chanjo tena. Huenda ni moyo. Kimbilia hospitali.

Siku ya kuchanjwa, vaa nguo yenye mikono mipana, au vua mkono mmoja wa nguo. Watu wengi huvuta tu shingo ya shati, na hapo linaloonekana ni juu ya bega. Mimi pia nilikuwa nikifanya hivyo. Kaa kitini, naye anayechanja akae, ili asichome kutoka juu. Legeza mkono. Mwambie unalima na kuandika kwa mkono upi, achanje ule mwingine. Si utovu wa adabu kusema. Ukishachanjwa, kaa hapo hapo dakika 15 wakutazame.

Mama yule alirudi kwa sindano ya pili. Alikaa, akavua mkono wa blauzi, akasema, "Nesi, leo mkono wa kulia, na uteremke kidogo." Nesi akacheka, akapima kwa vidole. Mkono wa kulia uliuma siku mbili. Bega la kushoto lilichukua miezi mitatu. Alama za mkaa bado ziko ukutani kwake, ya mwisho ikiwa karibu na dari, na mtoto aliyezaliwa ameanza kutambaa.