Mbegu ya Zizi ni Amana

Ukisimama juu ya vilima vya Chawia na kuteremsha jicho upande wa Mwatate na Voi, unaiona nyika pana yenye ranchi za Lualenyi, Mgeno, Rukinga na nyinginezo. Huku juu, nyumba nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili, wanaoletewa majani na mama wa nyumba au na mtoto atokapo shule. Kule chini ng'ombe huhesabiwa kwa mamia. Hata hivyo, mwenye wawili na mwenye mia tano wana swali moja: fahali yupi apandishwe, na mtamba yupi abakizwe? Likijibiwa kwa busara miaka mingi, huzaliwa nasaba njema. Likipuuzwa, zizi hurudi nyuma na mwenyewe hana habari.

Kazi hii haina haraka. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9 na siku chache. Mtamba wa nyikani huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 au zaidi, na fahali hajulikani ubora wake mpaka watoto wake wakue. Kwa hesabu hiyo, kizazi kimoja cha ng'ombe ni miaka 5 au 6. Kijana aliyeanza na umri wa miaka 25 akaendelea hadi 65 ataona vizazi 7 au 8 tu. Ndiyo maana kazi hii hula umri mzima wa mtu, na matunda yake huvunwa na waliokuja baada yake.

Kenya ina mfano wake ulio mashuhuri: ng'ombe wa Borana. Asili yake ni nyanda za Borana, kusini mwa Ethiopia. Ni ng'ombe mwenye nundu, mvumilivu wa jua na kiu, hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, na mama yake ni hodari wa kulinda ndama. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye mashamba makubwa wa bara walimnunua kutoka kwa wafugaji na wachuuzi wa kaskazini, wakaanza kuchagua na kuandika. Mwaka 1951 wakaunda chama chao cha wafugaji wa Borana, ng'ombe wakasajiliwa kwa jina la baba na la mama. Leo mbegu ya Borana wa Kenya imefika Afrika Kusini na Australia.

Miongoni mwa waliotoa umri wao kwa kazi hiyo ni Gilfrid Powys wa Suyian, huko Laikipia. Kwa miongo kadhaa alichagua na kulea Borana, hata jina lake likajulikana miongoni mwa wafugaji ndani na nje ya nchi. Mwezi wa Desemba 2017 aliuawa na ndovu katika ardhi hiyohiyo aliyofugia. Mtu akaondoka, mifugo ikabaki na nasaba yake.

Lakini, mama zangu na dada zangu, tusidhani kwamba elimu hii ilianza siku daftari lilipofunguliwa. Katika miaka ya 1980, ndani ya ranchi ya Galana hapa Pwani, wataalamu waliwalinganisha Borana wa ranchi na ng'ombe wa ndugu zetu Waorma wa Tana River, mahali penye mbung'o. Ng'ombe wa Waorma walishikwa na ugonjwa wa mbung'o mara chache zaidi, na waliposhikwa walistahimili zaidi na kuhitaji dawa kidogo. Waorma hawakuwa na vitabu vya usajili. Walikuwa na baba aliyekumbuka ukoo wa kila fahali, na mama mkamaji aliyejua ni yupi hutoa maziwa hata mvua ikikosekana. Hiyo nayo ni nasaba, ila iliandikwa vifuani.

Sheria yetu imeilinda mbegu hii tangu zamani. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh Yemen, alimtahadharisha asichukue katika Zaka mali bora za watu. Naye Sayyidna Umar (r.a.) alimwagiza mkusanyaji Zaka ya mbuzi na kondoo asichukue mwenye mimba, wala anyonyeshaye, wala dume la kupandia. Tazameni hekima hiyo! Ikiwa haki ya maskini, ambayo ni nguzo ya dini, haikuruhusiwa kugusa mbegu ya zizi, vipi sisi humpeleka machinjioni kwanza yule aliye bora kwa sababu tu bei yake ni nzuri?

Jambo hili lina uzito leo. Ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Dhiki ikiingia, mwenye ng'ombe huuza anayeuzika upesi, naye ni yule mnene, mzaaji mzuri. Mvua inaporudi, zizi huanza upya na waliobaki kwa kukosa mnunuzi. Afadhali kupunguza mapema: madume ya ziada, wazee na wasioshika mimba, huku majani yangali yapo, ili yule mama wa zizi apate cha kula.

Kwa familia ya Chawia, kazi yaweza kuanza na daftari la shule la mtoto. Andikeni siku ya kuzaliwa kwa ndama, mama yake, fahali aliyempanda, na maziwa ya kila siku. Fahali mmoja asikae kijijini miaka mingi hata akawapanda binti zake mwenyewe, maana ndama hudhoofu na rutuba hupungua. Badilishaneni mafahali na majirani, na kumbukeni kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kutoza malipo kwa dume kupanda. Kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii, kumkodisha fahali kwa kazi hiyo hakujuzu, bali mwenye ng'ombe aweza kutoa zawadi kwa hiari yake bila masharti. Desturi hiyo huwanufaisha maskini na huimarisha ujirani.

Kisha mfundisheni binti sawa na mvulana, kwani mara nyingi yeye ndiye akamaye. Mwenye kujua ni ng'ombe yupi abakizwe, na kwa sababu gani, amekwisha rithi kitu ambacho ukame hauwezi kukichukua.