Sura ya Nne: Wingu Linaposimama Juu ya Mau

Mvuvi wa Dunga, pale Kisumu, huiogopa dhoruba ya usiku. Mchumaji wa chai wa Kericho huiogopa ya mchana. Hofu zote mbili zimetoka ziwani. Jua likiwaka, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea bara. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hurudi ziwani, na mawingu ya radi huzuka juu ya maji wakati wavuvi wameshatega nyavu. Sura iliyopita tulikuwa ufuoni. Sasa tuufuate upepo wa mchana unapovuka uwanda wa Kano na kupanda hadi mashamba ya chai ya Kericho na Bomet.

Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi ya Kericho yako kwenye mita 2,000 na ushei. Hewa yenye unyevu ikilazimishwa kupanda kiasi hicho hupoa na kufanya mawingu. Huko juu, kuelekea msitu wa Mau, hukutana na upepo mwingine unaotoka mashariki. Pepo mbili zikigongana hazina pa kwenda ila juu, ndiyo maana Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazoangukiwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani.

Mawe yenyewe huundwa pale ambapo matone ya maji yamepoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Punje ya barafu ikipita katikati yao, matone huigandia, nayo hunenepa hadi upepo unaopanda ushindwe kuibeba. Katika nchi za ikweta, kiwango cha kuganda kiko karibu mita 4,500 hadi 5,000 angani. Jiwe likianguka kuelekea Mombasa lina karibu kilomita tano za hewa ya joto mbele yake, na hufika chini likiwa tone la mvua. Likianguka Kericho, safari ni nusu ya hapo. Hufika likiwa bado barafu, na chipukizi zilizokuwa tayari kuchumwa hukatwa vipande. Mkulima mdogo atakaa wiki kadhaa bila majani ya kupeleka kituoni, na majeraha ya matawi huwa mlango wa magonjwa ya kuvu.

Watu wamejaribu kupambana na wingu lenyewe. Katika miaka ya 1960, roketi za baruti zilirushwa mawinguni kutoka mashambani Kericho, na baadaye ndege zikatumwa kunyunyizia chembe za kugandisha maji mapema, ili kuwe na punje nyingi ndogo badala ya chache kubwa. Mwaka 1982, Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majani makavu yaliyooza chini ya michai ya Kenya yana chembe zinazoweza kuanzisha barafu, na kwamba huenda wachumaji huzitimua wakipita kati ya mistari. Ni dhana ya kusisimua. Hata hivyo, aliye shambani leo hana roketi wala ndege. Ana macho na masikio, na hivyo vinatosha kuokoa maisha vikitumiwa mapema.

Anza kutazama kabla ya saa sita. Asubuhi iliyotakata, yenye jua kali na unyevu unaobana kifua, ndiyo ya kutiliwa shaka. Mawingu meupe yakianza kupanda upande wa Mau, angalia vichwa vyao. Kingo zikiwa kali na zinatutumka ukiwa unatazama, wingu linakua. Kilele kikishatanda na kulainika, barafu imeshaundwa huko juu. Hapa wengi hudanganyika: upepo wa chini bado unavuma kuelekea wingu, na wao husema wingu linasukumwa mbali. Kumbe upepo ule ndio unaolilisha. Wingu huendeshwa na upepo wa juu, ambao mara nyingi hutoka mashariki. Kisha upepo hunyamaza, na ghafla baridi hupiga kutoka upande wa wingu. Matone makubwa machache huanguka hapa na pale. Hapo umebakiwa na dakika chache sana.

Ngurumo hukupa muda mrefu zaidi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis wa huku Kericho, aliandika kwamba waliamini kuna radi mbili: mbaya, inayopasuka karibu ikitaka kuua watu, na njema, inayonguruma mbali ikiwalinda. Wazee wale walijua kupima umbali kwa sikio. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja. Ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla hujahesabu 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inaweza kupiga mahali ambapo tone la mvua halijaanguka. Kwa hiyo hata ile ya mbali ni amri ya kuondoka.

Shamba la chai lina hatari yake ya pekee. Michai hukatwa ikawa sawasawa kimo cha kiuno, na mchumaji husimama kichwa na mabega juu ya kila kitu hadi mwisho wa mteremko. Mti ulio peke yake humvuta akajikinge, nao ndio mahali pabaya zaidi. Kibanda cha kukusanyia majani, kilicho wazi pande zote, humkinga na mvua tu. Gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa, au jengo kubwa lenye mabomba na nyaya ukutani, ndiyo makimbilio. Asitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mchumaji hulipwa kwa kilo, na kuacha mstari saa nane mchana ni kuacha mkate. Sioni haki kumwachia uamuzi huo peke yake. Msimamizi ndiye anayepaswa kuwatoa watu shambani ngurumo inaposikika, bila kuwakata ujira.

Shule nazo hufunga saa zilezile za dhoruba, na darasa la kawaida pekee halitoshi kuwakinga watoto na radi. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, wakiwa ndani ya jengo. Baadaye shule hiyo ilifungiwa kinga ya radi kwa msaada wa ACLENet, mtandao wenye makao yake Kampala. Kama una mtoto katika shule yoyote kati ya Kericho na Bomet, simama kwenye mkutano ujao wa wazazi uulize kama majengo yake yana kinga hiyo.